Kwa nini tunakataa kukupeleka Somnath kwa siku moja

Haupiti mwezi bila mteja kuingia katika ofisi yetu ya safari hapa Mombasa, akaweka pasipoti mezani na kusema: "Nipitisheni Somnath siku moja tu, nilione hekalu, nirudi zangu Ahmedabad." Wengi wao India wanakwenda kwa jambo jingine. Huyu amempeleka mama yake hospitali, yule anafuata vitambaa, mwingine ameitwa harusini Rajkot. Siku zimebaki mbili au tatu kabla ya ndege ya kurudi, na jina la Somnath amelisikia tangu utotoni kwa majirani Wahindu. Tunamwelewa. Lakini huwa tunamkatalia, na kwa kuwa maelezo yake ni marefu kuliko muda wa kusimama dirishani, tumeona tuyaandike hapa mtu ayasome nyumbani kwa nafasi yake.

Somnath iko Prabhas Patan, kwenye pwani ya kusini ya rasi ya Saurashtra, jimbo la Gujarat. Ni mji mdogo ulioshikana na bandari ya Veraval, mwendo wa tuktuk tu kati yao. Kutoka Ahmedabad, mji mkubwa wa jimbo hilo, ni kama kilomita 400. Ukienda kwa treni ya usiku utafika Veraval asubuhi. Sasa piga hesabu: anayetaka kwenda na kurudi kwa siku moja analala ndani ya treni mara mbili, na katikati anapata saa chache, ambazo nyingi zinaliwa na foleni. Hekalu lenyewe ataliona. Lakini yaliyomfanya msafiri wa pwani yetu kuvuka bahari yote ile, hayo atayapita dirishani.

Tuanze na hekalu, maana ndilo linalowaita watu. Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, anaabudiwa katika mahali kumi na mawili panapoitwa Jyotirlinga, na Somnath ndiyo inayohesabiwa ya kwanza. Mwaka 1026 jeshi la Mahmud, sultani wa Ghazni huko Afghanistan, lililivamia na kulipora, na baada ya hapo likajengwa na kubomolewa tena zaidi ya mara moja. Jengo la leo, la mawe ya rangi ya asali, lilijengwa baada ya uhuru wa India kwa msukumo wa naibu waziri mkuu Sardar Vallabhbhai Patel, ambaye hakuishi kuliona likifunguliwa. Rais Rajendra Prasad ndiye aliyehudhuria sherehe za Mei 1951. Hatua chache kutoka hapo kuna hekalu dogo lililojengwa mwaka 1783 na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore, wakati lile kubwa lilipokuwa magofu. Watu wengi hulipita bila kugeuza shingo. Sisi tunapenda kuanza na hilo dogo, kwa sababu ukisimama mle ndani unapata picha ya miaka ile ambayo waumini hawakuwa na pengine pa kwenda.

Arti, yaani ibada ya taa na nyimbo, hufanywa mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa moja jioni. Ya jioni ndiyo inayojaza uwanja. Ngoma na kengele hulia pamoja, na nyuma ya ukuta unasikia mawimbi ya Bahari ya Arabu yakivunjika.

Yapo mambo matatu ambayo mteja wetu ni lazima ayajue kabla ya kulipa hata senti moja.

La kwanza ni simu. Simu, kamera, begi na vitu vya ngozi haviingii ndani. Vinaachwa kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo nje ya geti, viatu navyo vina mahali pake, na ukaguzi ni mkali. Mkanda wako wa ngozi utakurudisha nyuma ukaguzini, na pochi nayo italeta mjadala. Tunawaambia watu waje na kijimfuko cha kitambaa na ndara za kuvuliwa upesi. Kuna bibi mmoja tuliyesafiri naye, aliyeipenda sana simu yake kwa sababu ndani yake mna sauti ya marehemu mumewe. Alikataa kuiacha kwa mtu asiyemjua, na akabaki nje saa nzima huku wenzake wakiingia. Tangu siku hiyo mtu wetu mmoja hubaki nje ameshika simu za kundi zima, na huingia kwa zamu ya pili.

La pili ni kibali. Mwaka 2015 wasimamizi wa hekalu walitangaza kuwa asiye Mhindu anatakiwa kupata ruhusa ya ofisi yao kabla ya kuingia. Wateja wetu wengi ni Waislamu na Wakristo, kwa hiyo jambo hili si dogo. Usijaribu kupita kimya kimya ndani ya umati. Tunakwenda ofisini, tunasema sisi ni nani na tumetoka wapi, tunaonyesha pasipoti. Wakikubali, tunaingia kwa adabu. Wakikataa, tunashukuru na kuondoka. Mwenye nyumba ndiye anayepanga nani aingie, na msikitini kwetu nako kuna mpaka ambao mgeni havuki.

Kwa ajili ya hao wasioingia, na kwa ajili ya kila anayetaka picha, kuna njia ya miguu iliyojengwa ufukweni nyuma ya hekalu na kufunguliwa mwaka 2021. Simu inaruhusiwa huko. Jua linapozama, mnara wa hekalu unaonekana wote, bahari chini yake, na picha utakayoipata pale inapita yoyote ambayo ungeipiga uani. Upande wa bahari kuna nguzo yenye mshale, wenyewe wanaiita Baan Stambh, na maandishi yake yanadai kwamba ukifuata mstari ule moja kwa moja kusini hutagusa nchi kavu hadi ncha ya dunia. Sisi tukisimama pale macho yanatupeleka upande wa kulia kidogo, kusini-magharibi, kwa sababu huko ndiko kwetu.

La tatu ni majira. Safari ya kwanza kabisa tuliyoipanga tuliipeleka Agosti. Kosa lilikuwa letu. Hatukujua kwamba mwezi huo wa Shravan ni wa ibada maalumu ya Shiva, na kwamba Jumatatu zake huleta watu kama mchanga. Tulifika Jumatatu. Wazee wetu walisimama kwenye foleni tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Halafu tukaenda Gir kuona simba tukakuta mbuga imefungwa kwa mvua, maana hufungwa kila mwaka kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba. Tulirudisha sehemu ya pesa za watu, na tangu hapo safari zetu ni kati ya Novemba na Machi tu. Hali ya hewa wakati huo ni tulivu, baridi kidogo alfajiri, na bahari haijachafuka. Ni msimu uleule wa kaskazi ambao mababu walikuwa wakitweka matanga Gujarat na kushuka Mombasa, Lamu na Unguja.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalotufanya tuipende Somnath kuliko mji mwingine wowote wa mahekalu.

Mwaka 1264 tajiri mmoja mwenye meli kutoka Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, Nuruddin Firuz, alipata ardhi nje ya mji huu wa Somnath akajenga msikiti. Jambo hilo likachongwa kwenye mawe kwa lugha mbili, Kisanskriti na Kiarabu. Maandishi ya Kisanskriti yanataja tarehe kwa kalenda nne: mwaka 662 wa Hijria, na kwa kalenda tatu za India, 1320 wa Vikrama, 945 wa Valabhi na 151 wa Simha. Wakuu wa mji, ambao walikuwa Wahindu, walishiriki katika mpango huo, na mapato ya maduka na mali nyingine yakatengwa kwa ajili ya kuuendesha msikiti. Hii ni karne mbili na zaidi baada ya uvamizi wa Mahmud. Anayeijua Somnath kwa habari ya vita peke yake, jiwe hili linamwonyesha upande wa pili: mji wa bandari ambamo nahodha wa kigeni alipewa mahali pa kusujudu kwa sababu biashara na ujirani vilimtaka awepo. Mtu wa Mji wa Kale haoni ajabu. Msikiti na hekalu katika mtaa mmoja ndiyo Mombasa aliyoizoea. Lakini kuikuta habari hiyo imechongwa jiweni, ng'ambo ya pili ya bahari ileile, kunamtia mtu baridi mwilini.

Ndiyo maana siku ya pili ya safari yetu ya siku nne hatuendi mbali. Asubuhi tunapita Triveni, mahali ambapo mito ya Hiran na Kapila, na wa tatu unaohesabiwa kuwa Saraswati, inakutana kabla ya kuingia baharini. Majira ya baridi shakwe wanajaa hapo na watoto huuza vyakula vya kuwarushia. Kisha Bhalka Tirth, pahali ambapo kwa imani ya Wahindu mwindaji alimpiga mungu wao Krishna mshale wa unyayo akidhani ni paa. Kisha bandari ya Veraval, moja ya bandari kubwa za uvuvi za India. Harufu ya samaki inakupokea kabla hujashuka garini. Mashua zimebanana bendera kwa bendera, na kando ya mto mafundi wanaunda vyombo vya mbao kwa mikono, mbavu za chombo zikiwa wazi kama mzoga wa nyangumi. Fundi wa Lamu angesimama hapo kutwa nzima, na tunaye mteja mmoja, seremala, aliyefanya hivyo hasa. Tulimwacha na chupa ya maji, tukamrudia saa kumi.

Siku ya tatu ni Gir na Jambur. Wateja hutuuliza, na wana haki kuuliza, kwa nini mtu aliyekulia karibu na Tsavo alipe pesa kwenda India kuona simba. Jibu letu ni kwamba simba huyu porini hayupo kwingine. Zamani simba wa Asia alikuwepo kuanzia Uajemi mpaka katikati ya India. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki wachache mno, wote katika msitu huu, na wakapona kwa sababu nawabu, yaani mtawala Mwislamu, wa Junagadh aliwapiga marufuku wawindaji. Hesabu ya mwaka 2020 ilitoa simba 674, na ya mwaka 2025 ikafika 891. Mtazame vizuri: ana mkunjo wa ngozi unaoning'inia chini ya tumbo, na dume manyoya yake ya shingoni ni machache kiasi kwamba masikio yanaonekana. Wanaishi katika msitu wa misaji, na humo humo wanaishi wafugaji wa nyati maziwa waitwao Maldhari, ambao nyumba zao wamezizungushia miiba kama maboma ya kwetu.

Sasan, lango la mbuga, iko mwendo wa saa moja hivi kutoka Somnath. Huwezi kufika tu ukaingia. Kibali kinaombwa mtandaoni mapema, kikiwa na jina na namba ya pasipoti ya kila mmoja, njia ya gari mnapangiwa, na kibali hakihamishwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Tukikusisitizia utume nakala ya pasipoti mapema, sababu ni hiyo. Aliyechelewa, tunampeleka Devalia, eneo lililozungushiwa uzio ambako uwezekano wa kumwona simba ni mkubwa. Si sawa na msitu wenyewe, na hatutakudanganya kwamba ni sawa.

Kisha Jambur. Kijiji hiki kiko upande wa Talala, kati ya mashamba ya maembe ya Kesar, na wakazi wake wengi ni Wasidi: Wagujarati wenye asili ya Afrika. Mababu zao walivuka bahari kwa karne nyingi, wengine mabaharia na askari, wengi wakiwa watumwa, na nawabu wa Junagadh walikuwa nao katika walinzi wao. Ni Waislamu, wanazungumza Kigujarati, wanakula na kuvaa kama majirani zao. Lakini ingia kwenye kaburi takatifu la Nagarchi Pir siku ngoma inapopigwa. Mchezo wao wanauita goma. Ngoma yao moja inaitwa musindo, na sisi tunaotoka kwenye msondo hatuhitaji mkalimani. Ndani ya nyimbo zao za zikri yamebaki maneno machache yenye asili ya Kiswahili, ambayo mwimbaji mwenyewe huyaimba kama alivyoyapokea kwa wazee wake. Wana pia malunga, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, na kayamba ya kifuu cha nazi iliyopewa jina la Mai Mishra, mwanamke mtakatifu wanayemheshimu.

Mara ya kwanza tulipofika, mzee mmoja alitutazama nyuso muda mrefu, akamshika mkono mwenzetu na kuuweka kando ya wake, ngozi kwa ngozi. Hakuna aliyesema neno kwa kitambo. Kina mama wa kundi letu walilia, na hatuoni haya kuliandika.

Kwa sababu hiyo hatukubali Jambur iwe kituo cha dakika ishirini, magari yamewashwa, watu wanacheza mbele ya kamera na kutupiwa noti. Wasidi wana kazi zao: wengine mashambani, wengine wanaongoza wageni Gir. Tunafika kwa ahadi, tunasalimia kaburini kwanza, tunatoa sadaka ya mahali pale kwa mkono wa wasimamizi, tunakunywa chai. Ngoma ikipigwa, ni neema. Isipopigwa, tumetembelea ndugu.

Siku ya nne tunaenda kisiwa cha Diu, kiasi cha saa mbili kwa gari. Wareno walianza kujenga ngome hapo mwaka 1535 na hawakuondoka mpaka Desemba 1961, miaka 14 baada ya India kupata uhuru wake. Aliyekua anacheza chini ya kuta za Fort Jesus, iliyoanzwa mwaka 1593, ataitambua mikono iliyoijenga Diu: handaki, mizinga inayotazama bahari, kanisa jeupe la Mtakatifu Paulo mjini. Ufuko wa Nagoa una mchanga mzuri na ndiyo mahali pa kuogelea, kwa sababu bahari ya Somnath ina mkondo mkali na kuoga humo ni hatari. Pale Nagoa angalia miti. Ni mikoma, jamaa ya ile inayotupa miyaa ya kusukia mikeka, na shina lake linagawanyika matawi vilevile. Wenyeji wanaiita hoka, na wapo wanaosema ilitoka Afrika.

Neno moja kuhusu Diu: Gujarat ni jimbo lisiloruhusu pombe, Diu inaruhusu. Mpakani magari hukaguliwa. Chupa usirudi nayo, hata ya zawadi.

Mwenye siku zaidi tunamwongezea Junagadh, kwa ajili ya kaburi la Mahabat na la jirani yake lenye minara iliyozungushiwa ngazi kwa nje, na mlima Girnar ambao una ngazi kama elfu kumi na, tangu Oktoba 2020, gari la kamba kwa wenye magoti mabovu. Au Porbandar, alikozaliwa Gandhi mwaka 1869. Jengo la kumbukumbu yake pale, Kirti Mandir, lilijengwa kwa msaada wa Nanji Kalidas Mehta, yule wa kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda. Sukari ya Afrika Mashariki imo ndani ya kuta hizo.

Chakula kinawatia watu wasiwasi bure. Kuzunguka hekalu ni mboga tupu, hakuna nyama wala yai, lakini mkate wa mawele uliotoka jikoni sasa hivi, na biringani zilizochomwa kwa moto wa mkaa kisha zikapondwa na vitunguu na pilipili, na bilauri ya mtindi yenye bizari, hutakumbuka nyama. Wanakiita chakula cha Kathiawar, jina la zamani la Saurashtra. Mwombe mpishi apunguze pilipili ikiwa tumbo lako ni la kuchagua.

Karatasi sasa. Viza ya mtandaoni inatosha kwa matembezi, na viwanja vya ndege vya Mumbai na Ahmedabad vyote viwili vinaipokea. Aliye India kwa viza ya matibabu asikate tiketi kabla ya kutuonyesha viza hiyo. Msafiri anayetoka Kenya au Uganda anahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini uwanjani, na hapo hatuna uwezo wa kumtoa. Beba rupia za taslimu kidogo: wauzaji wadogo wengi wanalipwa kwa kuskani msimbo kwa simu, mfumo ambao mgeni wa siku nne mara nyingi hana.

Kundi letu halizidi watu kumi na wawili, na kwa wazee tunaomba vyumba vya chini. Anayetaka kwenda Jambur atuambie siku anapolipa amana, asingoje mpaka tumefika Sasan, kwa sababu huwa tunawapigia simu wazee wa kijiji kwanza na kuwauliza kama siku hiyo inawafaa.